Hatua kwa Hatua: Historia ya Hesabu ya Takriban, kutoka Baghdad hadi Machimbo ya Geita

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyachukua kutoka katika Kiarabu ni neno takriban. Asili yake ni taqrib, yaani kukisogeza kitu karibu. Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno hili limepungua hadhi. Mtu akisema "walikuja takriban watu mia", wengi hufahamu kwamba msemaji hakuhesabu. Kwa wanavyuoni waliotangulia mambo hayakuwa hivyo. Kwao taqrib ilikuwa ni istilahi yenye mipaka na masharti yake.

Katika vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, mlango wa maji unataja kiasi cha qullatain, nacho ni ratili 500 za Baghdad. Wanavyuoni wakauliza: je, kiasi hiki ni tahdid, kwamba kikipungua hata chembe hukumu inabadilika, au ni taqrib? Kauli iliyopewa nguvu, na ndivyo alivyoitaja Imamu Nawawi katika Minhaj, ni kwamba ni taqrib. Hata hivyo hawakuishia hapo. Waliendelea kujadili upungufu unaosameheka: ni ratili moja, ni mbili, au zaidi ya hizo? Hali kadhalika katika mlango wa Zaka, tende na zabibu hukadiriwa zikiwa bado mtini, na mkadiriaji ametakiwa awe na sifa mbili: awe mjuzi wa kazi hiyo, na awe muadilifu.

Katika makala hii tunakusudia kueleza historia ya taqrib katika hesabu, na hasa hesabu ya vitu vinavyobadilika kila wakati. Aidha tutaonesha kwamba elimu hii inagusa afya na uhai wa ndugu zetu walioko Shinyanga na Geita. Hoja yetu ni moja: kukadiria ni elimu, na tofauti yake na kubahatisha ni kwamba mwenye kukadiria anajua ukubwa wa hatua yake na ukubwa wa hitilafu yake, na anayataja yote mawili bila ya kuficha.

SWALI LENYEWE NI LIPI?

Maswali ya hesabu ni ya aina nyingi. Mtu akinunua magunia matano ya mpunga kwa bei inayojulikana, jawabu lake ni moja na hupatikana mara moja. Lakini yapo maswali ambayo ndani yake hatukuambiwa kitu ni kiasi gani. Tumeambiwa tu kinabadilika kwa kasi gani.

Tuchukue pipa lililojaa maji, nalo lina tundu chini. Maji yakiwa mengi hutoka kwa nguvu. Yakipungua, hutoka polepole. Ili tujue yamebaki kiasi gani, inatupasa tujue yalikuwa yakitoka kwa kasi gani. Na ili tujue kasi, inatupasa tujue yamebaki kiasi gani. Kila kimoja kinamngojea mwenzake. Maelezo ya namna hii, yanayotaja kasi ya kubadilika mahali pa kukitaja kitu chenyewe, wataalamu huyaandika kwa milinganyo ambayo hapa tutaiita milinganyo ya mabadiliko.

Baadhi ya milinganyo hii ina jawabu kamili linaloweza kuandikwa kwa mstari mmoja. Iliyo mingi haina. Hapo ndipo inapotumika njia ya hatua: tazama ulipo sasa, jua kasi yako ya sasa, tembea muda mfupi kwa kasi hiyo, kisha simama utazame upya. Neno hatua nalo ni la Kiarabu, khatwa, yaani nafasi iliyo baina ya mguu na mguu. Na kila msafiri wa usiku anajua kwamba mwenye taa ndogo hufika aendako ijapokuwa taa haimulikii safari yote, maadamu hatua zake hazivuki mwanga wake.

WAHASIBU WA BAGHDAD, CAIRO NA SAMARKAND

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliishi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 198 hadi 218 Hijria, sawa na 813 hadi 833 Miladia. Kitabu chake ndicho kilichoipa elimu ya aljebra jina lake. Na jina lake yeye mwenyewe, lilipoandikwa na Walatini, likawa Algoritmi. Kutokana nalo likatoka neno algorithimu, ambalo leo ni jina la kila utaratibu wa kufanya jambo kwa amri zinazofuatana, moja baada ya nyingine, mpaka jawabu lipatikane.

Katika karne hiyo hiyo ya 9 Miladia, Habash al-Hasib, aliyekuwa miongoni mwa wanajimu wa Baghdad, alikutana na mlinganyo katika hesabu za mwezi ambao kisichojulikana kilikuwa pande zote mbili. Akautatua kwa kurudia: aliweka kadirio, akapata kadirio lililo bora zaidi, akalirudisha ndani, na kuendelea hivyo. Baadaye huko Cairo, Ibn Yunus, aliyefariki mwaka 399 Hijria (1009 Miladia), alifanya kazi kubwa katika majedwali ya nyota na ya nyakati. Mwenye kutumia majedwali kama hayo hujua thamani ya leo na ya kesho kutwa, na huhitaji kanuni ya kukisia iliyo katikati. Bwana Ibn Yunus na al-Biruni (aliyezaliwa 973 Miladia) hawakuridhika na kanuni ya kugawa sawasawa. Walitafuta kanuni zinazozingatia kwamba kasi yenyewe nayo hubadilika njiani.

Kilele cha kazi hii kilikuwa Samarkand, katika chuo na kituo cha kutazamia nyota cha Ulugh Beg. Hapo alifanya kazi Ghiyath al-Din Jamshid al-Kashi, aliyefariki mwezi wa Ramadhani mwaka 832 Hijria, sawa na Juni 1429. Tunamtaja kwa mambo mawili.

Jambo la kwanza ni hesabu yake ya saini ya nyuzi 1, ambayo majedwali yote ya nyota yanaitegemea. Saini ya nyuzi 3 hupatikana kwa jiometri. Ya nyuzi 1 haipatikani kwa njia hiyo, kwa sababu kiungo baina yao ni mlinganyo wenye mchemraba wa kisichojulikana. Al-Kashi aliupanga mlinganyo huo upya kwa namna ambayo kila kadirio likiingizwa upande mmoja, upande wa pili linatoka kadirio lililo sahihi zaidi. Kila mzunguko uliongeza tarakimu zilizo thabiti.

Jambo la pili linahusu hitilafu, nalo ndilo tunalotaka msomaji alishike. Mwaka 827 Hijria (1424 Miladia) al-Kashi aliandika risala juu ya mzingo wa duara. Kabla ya kuanza kuhesabu, alijiwekea sharti: hitilafu iwe ndogo kiasi kwamba mtu akiupima mzingo wa ulimwengu wote, kwa ukubwa uliodhaniwa zama zake, asikosee hata kwa unene wa unywele. Kisha akatafuta umbo la pande ngapi litamfikisha kwenye sharti hilo, akapata pande 805,306,368. Ndipo akafanya hesabu, na jawabu lake lilikuwa sahihi kwa tarakimu 16 baada ya nukta. Kwa hiyo alianza kwa kuuliza, "Nitakosea kiasi gani?", kabla ya kuuliza, "Jawabu ni lipi?"

Hatusemi kwamba mabwana hawa waliijua milinganyo ya mabadiliko. Elimu hiyo ilikuwa bado haijazaliwa, na insafu inatutaka tusimpe mtu lisilokuwa lake. Walichokiacha ni msingi: kwamba jawabu lisiloshikika kwa mkupuo mmoja linaweza kusogelewa kwa kurudia, na kwamba masafa yaliyobaki baina ya mtu na jawabu yanaweza kupimwa.

KUTOKA EULER HADI RUNGE NA KUTTA

Milinganyo ya mabadiliko ilianza Ulaya katika karne ya 17, katika kazi za Newton na Leibniz. Njia ya kuitatua kwa hatua ilielezwa na Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel, Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1768. Maelezo yake ndiyo yale ya msafiri na taa: chukua kasi ya hapa ulipo, izidishe kwa muda wa hatua, ongeza kwenye ulichonacho, kisha rudia.

Hata kabla ya kitabu hicho, njia ya hatua ilikuwa imekwisha kupewa mtihani mkubwa. Halley alikuwa amesema kwamba nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 1682 itarudi. Lakini sayari kubwa, Mushtari na Zohali, zinaivuta njiani na kuichelewesha. Huko Paris watu watatu, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na bibi Nicole-Reine Lepaute, walikaa miezi mingi wakifuatilia safari ya nyota hiyo kipande kwa kipande kwa kalamu na karatasi. Novemba 1758 Clairaut alitangaza kwamba italikaribia jua katikati ya Aprili 1759, na akaongeza kwamba huenda hesabu yao ikapotoka kwa mwezi mmoja. Nyota ilifika kituoni mwake tarehe 13 Machi 1759. Walikosea kwa mwezi mmoja hivi, na mwezi mmoja ndio waliokwisha kuutaja.

Njia ya Euler ina dosari yake: inachukua kasi ya mwanzo wa hatua na kuitumia hatua nzima, ilhali kasi hubadilika njiani. Mwaka 1895 Carl Runge wa Ujerumani alionesha namna ya kuonja kasi katika sehemu zaidi ya moja ya hatua ile ile. Karl Heun akafuatia mwaka 1900, na Wilhelm Kutta mwaka 1901. Kanuni yao mashuhuri huonja kasi mara nne katika kila hatua, kisha huchukua wastani wenye uzani. Kanuni hiyo ya Runge na Kutta hutumika mpaka leo ndani ya kompyuta duniani kote.

SHINYANGA: HESABU YA MBUNG'O

Sasa tuirudie nchi yetu. Katika miaka ya 1930 makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika yalikuwa Old Shinyanga, chini ya C. F. M. Swynnerton, ambaye jina lake limebaki katika aina mojawapo ya mbung'o, Glossina swynnertoni. Mbung'o ndiye aeneaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, na Usukuma ni nchi ya ng'ombe. Swali lilikuwa hili: katika pori fulani wamo mbung'o wangapi, na wanakufa kwa kasi gani? Hakuna awezaye kuwapanga mstari akawahesabu.

Mtafiti wa idara hiyo, C. H. N. Jackson, alitumia njia ya alama. Mbung'o walikamatwa, wakatiwa nukta za rangi, wakaachiwa. Wiki zilizofuata walikamatwa wengine, na ikatazamwa wangapi kati yao wana alama za wiki iliyopita, wangapi za wiki ya kabla yake, na kuendelea. Wenye alama walipungua wiki hadi wiki kwa fungu linalokaribiana, na fungu hilo ndilo lililomfunulia Jackson kasi ya kufa na kuhama. Kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi siku ya alama, alikadiria idadi ya pori zima. Mwaka 1939 alichapisha maelezo ya njia hii, na wataalamu wa kuhesabu wanyama wameendelea kuitaja.

Yapo mazingatio mengine katika mkasa huu. Hesabu ya mbung'o ilijibu swali la mbung'o tu. Katika kupambana nao, maelfu ya watu wa Usukuma walifyeka mapori, na mbung'o walirudi nyuma. Lakini ufyekaji huo, pamoja na kuongezeka kwa mashamba na mifugo na kukatwa kwa kuni, uliiacha Shinyanga kavu na ardhi yake ikimomonyoka, hata mwaka 1986 ikabidi uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, uliofufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani malisho yaliyofungwa ili yapumzike. Mbung'o, miti, ng'ombe na watu ni vitu vinavyosukumana. Mwenye kufuata kimoja kwa hatua akavisahau vingine hupata jawabu sahihi la swali lililo pungufu.

Miaka michache kabla ya uhuru wa Zanzibar, elimu ya hatua ilifika pia visiwani kwa sura nyingine. Marekani ilijenga Zanzibar mojawapo ya vituo vya kufuatilia vyombo vyake vya anga, na tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kituo cha Zanzibar kilikuwa katika mnyororo uliozungumza naye. Njia ya chombo chake ilihesabiwa na kompyuta huko Marekani, na kabla ya safari Glenn aliomba kwamba bibi Katherine Johnson, mhasibu wa shirika la NASA, azihakiki nambari za mashine kwa mkono wake. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964. Mradi ule uliitwa Mercury, jina ambalo Waingereza hulitumia pia kwa kitu kinachoitwa kwa Kiswahili zebaki. Na zebaki ndiyo inayotupeleka Geita.

ZEBAKI: KUTOKA IRAKI HADI GEITA

Zebaki ni neno la Kiarabu lililopata sura ya Kiswahili. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo kuzunguka Geita na Kahama ni kitu cha kila siku. Mawe hutolewa katika maduara, husagwa kwa karasha, na unga huoshwa kwenye mialo. Kinachobaki huchanganywa na zebaki ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu, kwa kuwa zebaki hukamata dhahabu. Kisha hukamuliwa kwa kitambaa na donge lililobaki huchomwa kwenye makaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke huo huvutwa na mchomaji na walio karibu naye, na sehemu iliyobaki katika marudio huingia udongoni na majini, ambako vijidudu huigeuza kuwa aina nyingine inayoingia katika samaki.

Kijiji cha Rwamagasa, Geita, kilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki uliofanyika kuanzia 2002 hadi 2007 katika nchi sita, Tanzania ikiwemo. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulipitishwa 2013 na kuanza kazi 2017. Tanzania iliuridhia 2020. Jina la mkataba limetokana na mji wa Japani ambao mwaka 1956 ugonjwa wa zebaki itokayo kiwandani ulitambuliwa rasmi.

Ni kwa njia gani wataalamu walijua kasi ambayo mwili hutoa zebaki? Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilitoka Iraki, nchi ile ile ya al-Khwarizmi. Majira ya baridi ya 1971 na 1972, mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa dawa ya zebaki kwa ajili ya kupandwa zilisagwa na kuokwa mikate, tahadhari zikiwa zimeandikwa kwa lugha ambazo wakulima hawakuzisoma. Hesabu rasmi ilitaja watu 6,530 waliolazwa na 459 waliokufa hospitalini. Madaktari wa Iraki na wenzao wa kigeni walipima damu za waathirika siku baada ya siku. Walipima na nywele pia, kwa kuwa unywele hukua sentimita 1 hivi kwa mwezi na huhifadhi kumbukumbu ya kila mwezi. Waliona kiasi kinapungua kwa fungu lile lile, kama mbung'o wa Jackson walivyopungua. Waliona pia kwamba sumu hiyo humfikia mtoto aliye tumboni.

Tufanye sasa hesabu yenyewe. Nambari zifuatazo ni za kufundishia. Hazikupimwa kwa mtu yeyote. Mtu anaingiza mwilini mikrogramu 10 za zebaki kila siku, na mwili wake hutoa asilimia 1 ya kilichomo kila siku, ambayo ni sawa na kupungua nusu kwa siku 69 hivi. Basi kasi ya kuongezeka ni 10 ukitoa 0.01 ya kilichomo.

Tutembee kwa njia ya Euler, hatua ya siku moja. Mwisho wa siku ya kwanza zipo 10. Mwisho wa siku ya pili ni 10 + 10 − 0.1, yaani 19.9. Tukiendelea hivyo, siku ya 30 zipo 260 na siku ya 90 zipo 595. Kwa bahati mlinganyo huu una jawabu kamili, kwa hiyo tunaweza kujipima: jawabu kamili ni 259 na 593. Tumekaribia sana.

Sasa tufanye uvivu, tuchukue hatua ya siku 30. Hatua ya kwanza inatupa 300, ya pili 510, ya tatu 657. Siku ya 90 tumekosea kwa zaidi ya 60. Hapo ndipo inapoonekana faida ya Runge na wenzake. Kasi ya mwanzo ni 10. Kasi ya mwisho wa hatua, tukidhani zipo 300, ni 7. Wastani wake ni 8.5, na mara 30 inakuwa 255. Hatua ni ile ile ya siku 30, lakini hitilafu imeshuka kutoka 41 hadi 4 kwa gharama ya kuonja kasi mara moja zaidi.

Na tukizidisha uvivu, tuchukue hatua ya siku 250? Hatua ya kwanza inatupa 2,500. Hatua ya pili inatupa 1,250 chini ya sifuri. Hakuna mtu mwenye zebaki iliyo chini ya sifuri mwilini. Kanuni ni ile ile na mahesabu hayana kasoro. Kilichoharibika ni ukubwa wa hatua. Katika mfano huu kila hatua inayozidi siku 200 itayumba hivyo, kila mara zaidi ya iliyotangulia. Wala isidhaniwe kwamba dawa ni kupunguza hatua bila mpaka. Hatua zikiwa mamilioni, vijisehemu vinavyokatwa katika kila nambari navyo hujumlika. Mwenye ujuzi huchagua hatua ya wastani, na huijaribu kwa kuigawa nusu: jawabu likibaki pale pale, ana haki ya kutulia.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili juu ya mchimbaji wetu. La kwanza: kiasi kile kile kidogo cha kila siku hakibaki kidogo. Hupanda mpaka kufikia 1,000, mara mia ya kipimo cha siku moja, na hapo ndipo kinachotoka hulingana na kinachoingia. Kwa hiyo asemaye "ni mvuke wa siku moja tu" anaitazama hatua moja akaiacha safari. La pili ni la matumaini. Akiacha kuvuta mvuke, kiasi hicho hupungua nusu kila siku 69. Baada ya nusu tano, yaani chini kidogo ya mwaka, hubaki 31 hivi. Kifaa kilichofunikwa cha kunasa mvuke, na kumweka mbali mama mjamzito na mtoto wakati wa kuchoma, hubadilisha nambari ile ya 10, na nambari ile ndiyo inayotawala hesabu yote. Madhara yaliyokwisha kuupata mfumo wa fahamu ni suala jingine. Hayaondoki kwa sababu zebaki imetoka.

Lazima tuongeze tahadhari ya kielimu. Zebaki ya mvuke na zebaki iliyomo katika samaki si kitu kimoja, na mwili si pipa moja. Ubongo, figo na damu vina kasi zao tofauti. Wataalamu huandika mlinganyo kwa kila kiungo, wakavisogeza vyote pamoja kwa hatua. Penye kimoja kinachokwenda mbio na kimoja kinachokwenda kobe, njia ya Euler hulazimika kutembea kwa hatua ndogo mno, na zimetungwa njia nyingine, tangu miaka ya 1950, kwa ajili ya milinganyo migumu ya namna hiyo.

HITIMISHO: MASHARTI YA MWENYE KUKADIRIA

Kanuni ya kinachoingia na kinachotoka inayahusu mambo mengi ya ukanda huu. Bwawa la tope la mgodi ni pipa kubwa: kuna tope liingialo, mvua inyeshayo, maji yavukizwayo na yachujwayo. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, na tope likaingia katika mashamba na makazi ya wanakijiji. Hatuna nia ya kuhukumu chanzo chake katika makala hii. Tunasema tu kwamba wanaoishi chini ya mabwawa na kando ya mialo wanaishi chini ya makadirio ya watu wengine, na wana haki ya kuyauliza.

Wataulizaje nao si wahasibu? Maswali ni matatu, na hayahitaji shahada. Kwanza, umeanzia wapi: kiasi cha mwanzo kilipimwa au kilidhaniwa? Pili, hatua yako ni ya ukubwa gani: unapima kila siku, kila mwezi, au mara moja kwa mwaka? Tatu, hitilafu yako ni kiasi gani, na uliitaja kabla ya jambo kutokea au baada yake? Al-Kashi aliweza kulijibu swali la tatu kabla hajaanza kazi. Clairaut alilijibu miezi minne kabla ya nyota kufika. Mtaalamu wa leo mwenye kompyuta hana udhuru wa kutolijibu.

Na walimu wa madrasa wanaosomesha mlango wa qullatain wanaweza kuwaonesha wanafunzi kwamba mjadala ule wa ratili moja au mbili si upuuzi wa watu wenye nafasi. Ni kuuliza swali lile lile la hitilafu. Wala sharti la mkadiriaji wa tende halijapitwa na wakati. Ujuzi bila ya uadilifu huzaa nambari nzuri za kuficha ukweli, na uadilifu bila ya ujuzi huchukua hatua ya siku 250 kwa nia njema. Mkadiriaji anatakiwa awe nayo yote mawili, awe chini ya mtende au kando ya duara.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.